Mkono Unaogonga Bomba

Birmingham, 4 Februari 1782

Dada Loveday,

Nakusalimu wewe na wote waliomo ndani ya nyumba. Kifua cha shemeji Zacky kinaendeleaje? Na mpwa wangu Temperance, bado anawafukuza kuku wa watu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu hata kidogo, na mama mwenye nyumba wangu hunipa kila asubuhi uji wa shayiri ambao kwetu tungezibia nyufa za boila. Naula, namshukuru, naenda kazini nikiwa mzito kama jiwe.

Sasa nisikilize. Wenye mgodi wa Wheal Derwa wamekubali hatimaye. Wamenunua mashine yetu mpya, na mabwana wa karakana wameniita wakaniambia, "Nankivell, wewe ni mtoto wa huko, nenda ukaifunge." Wenzangu walinipongeza. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya rundo la vyuma, sijui nicheke au nilie.

Unakumbuka siku niliyoondoka. Nilimwambia Baba kwamba yule Bibi yake anayevuta maji ya mgodi ni mashine nzuri ila anakula makaa kipumbavu. Tunajaza mvuke ndani ya silinda, tunaunyunyizia maji baridi humo humo ili ugeuke maji na kuacha utupu, hewa inaisukuma pistoni chini na pampu inapanda. Kisha tunaanza upya kuipasha moto silinda ile ile tuliyotoka kuipoza. Ni sawa na mtu anayepika uji, akifika nusu anaitumbukiza sufuria mtoni, halafu anairudisha jikoni. Mashine mpya ina chombo cha pili pembeni, mvuke unakwenda kupoa huko, silinda inabaki ya moto muda wote. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sufuria hiyo moja ndiyo iliyokulisha. Ukienda kwa hao watu, usikanyage tena sakafu yangu."

Ni miaka mitatu sasa. Siwezi kuja kumng'oa Bibi bila Baba mwenyewe kuniita. Nilipokuwa fundi wa pampu kule chini ya shimo, nikitaka kupanda nilikuwa nagonga bomba la pampu kwa nyundo, tatu za haraka na moja ya kuchelewa, naye juu anajibu mbili: panda. Hakuwahi kukosea nani anagonga. "Huyo Pascoe," alikuwa akisema, "anagonga kama mtu mwenye njaa." Basi ndivyo ninavyogonga sasa. Msomee barua hii akiwa ametulia. Nataka neno moja tu kutoka kwake: njoo. Bila hilo siji.

Mdogo wako,
Pascoe


Wheal Derwa, 27 Februari 1782

Pascoe mdogo wangu,

Barua tumeipata, na Temperance ameilalia usiku kucha kwa sababu ina jina lake. Zacky ni yule yule. Anakohoa ngazi nzima ya shimo, akifika juu anasema ni vumbi tu. Mimi bado napasua mawe ya shaba uwanjani na wanawake wenzangu. Bega la kulia limeshakuwa kubwa kuliko la kushoto, na Zacky anasema nikigombana naye atahakikisha amesimama upande wa kushoto.

Baba hajambo. Siku hizi anaongea kuliko zamani. Ukikutana naye njiani anakuanza yeye, anakumaliza yeye, na anakuaga yeye. Kingine cha kuchekesha: anasimama peku kwenye sakafu ya mashine, hata katika baridi hii. Anasema viatu vinambana. Juzi Kapteni Trethewey, msimamizi wetu wa mgodi, alimtania mbele ya watu, "Mzee Nankivell, umeuza viatu ununue bia?" Baba akamjibu, "Salama, Kapteni, sijui nyumbani kwako?" Watu wakavunjika mbavu. Unawajua, kwao Baba ni mchekeshaji hata akipiga miayo.

Nilimsomea Jumapili tulipotoka kanisani, polepole, neno kwa neno. Alikuwa akinitazama mdomoni muda wote. Nilipomaliza alitabasamu, akasema, "Vizuri, vizuri." Kisha akauliza kama chai ipo. Hilo neno lako hakulisema, wala hakusema usije. Mpe muda.

Dada yako,
Loveday


Birmingham, 18 Machi 1782

Dada,

Salamu zangu kwa wote. Mwambie Temperance nimemchongea kuku wa mti, huyo anaweza kumfukuza apendavyo. Hapa tumemaliza kuchonga ndani ya silinda ya Wheal Derwa. Ni laini mpaka unajiona uso ndani yake, na kila ninapopita karibu nayo najihisi kama mwizi.

"Vizuri, vizuri" maana yake nini? Mimi na wewe tunamjua Baba. Akikasirika kidogo anapiga kelele. Akikasirika kweli anasema vizuri. Alisema vizuri siku ile niliyofunga mzigo wangu, akanifungulia na mlango.

Na hiyo habari ya kusimama peku siielewi. Halafu kuna jambo hukuniandikia. Mtu wa Redruth aliyepita hapa amenisimulia kwamba mwezi wa kwanza Bibi alikabwa na hewa akakaribia kusimama, na ni wewe uliyetupa nyundo uwanjani ukakimbia kumfungulia vali. Dada, Bibi hupiga chafya kila pistoni inaposhuka, ile vali yake ndogo ikitoa hewa inayoingia pamoja na maji. Nyumba yote husikia. Mama alipokuwa hai Baba alikuwa akimjibu Bibi "afya!" kila chafya, mpaka Mama anamtishia kuhamia kwa dada yake. Leo chafya ikosekane na Baba asishtuke? Alikuwa wapi?

Msomee tena, tafadhali. Mwambie sitaki aisifu mashine yangu. Akitaka aitukane, nitakaa nimsikilize. Mabwana wanahitaji jina la fundi kabla ya Aprili kwisha.

Pascoe


Wheal Derwa, 15 Aprili 1782

Pascoe,

Habari za siku nyingi. Nimechelewa kujibu, najua. Mvua zimetuharibia barabara, Temperance ameng'oka jino na anataka watu wote walione, na Zacky amelala wiki nzima na homa ila sasa ameamka na anakula kama amekodishwa kufanya hivyo.

Kuhusu Bibi kukabwa, watu wa Redruth wana midomo mirefu. Baba alikuwa amechoka siku ile. Nakuomba sana usiwatajie mabwana zako habari hiyo. Kapteni anaandikiana nao kila mara, na nyumba hii tunayolala sote ni ya mtunza mashine, si yetu. Hayo tu ndiyo ninayokuomba, usiniulize zaidi.

Nilimsomea tena. Safari hii nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta akidhani tunapigana. Baba akaniambia, "Nimesikia, mama, nimesikia, sijafa." Akachukua kitambaa chake akaenda kusugua shaba za mashine. Anazisugua kila siku sasa, hata zile za nyuma ambazo hakuna mtu anayeziona.

Pascoe, mbona usije tu? Njoo bila kuitwa. Ingia mlangoni, simama mbele yake akuone. Mambo mengine hayafai kwa barua.

Loveday


Birmingham, 6 Mei 1782

Dada yangu,

Nawatakia heri nyote, na nafurahi Zacky amesimama.

Amesikia, na ameenda kusugua shaba. Nimeelewa. Mtu akiulizwa jambo kama lile kisha akaenda kuipamba mashine ninayokuja kuiondoa, amejibu. Ningekuja bila kuitwa ningekuwa nakanyaga sakafu aliyonikataza, mbele ya Kapteni na wachimbaji wote, nikiwa na nyundo mkononi ya kumbomolea. Siwezi kumfanyia hivyo. Labda naogopa tu, sijui tena.

Kazi ya kwenu amepewa fundi mwingine, Bwana Sproat, mtu wa kaskazini, mpole, anajua kazi. Mimi nimekubali kwenda Urusi kufunga mashine ya kukausha gati la meli. Naondoka bandari ya Hull katikati ya mwezi huu. Kuku wa Temperance nimempa Sproat amletee.

Usimlaumu Baba. Mwambie sina kinyongo, kama atataka kusikiliza.

Pascoe


Wheal Derwa, 21 Mei 1782

Pascoe mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Tupo wazima. Naituma barua hii Hull, na moyo unaniambia nimechelewa.

Baba hasikii, Pascoe. Baba ni kiziwi. Ilianza majira ya baridi ya mwaka juzi, kidogo kidogo, na sasa hata kengele ya kanisa ikilia yeye anaendelea kusimulia habari zake. Hataki kukubali. Ndiyo maana anaongea yeye tu, ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza kitu. Anasimama peku kwa sababu Bibi akishusha pistoni sakafu yote inatikisika, na kwa nyayo anajua kama anakwenda vizuri. Chafya tu ndiyo haifiki miguuni. Basi nikaomba nihamishiwe karibu na ukuta wa nyumba ya mashine, nikawa napasua mawe huku nimetega sikio. Chafya ikikosekana, nakimbia. Mimi ndiye masikio yake tangu mwaka jana. Siku ile uliyosimuliwa ndiyo mara pekee watu waliponiona.

Barua zako zote mbili nilimsomea kweli, na hakusikia hata neno. Alinitazama mdomoni akaona nimetulia, akasema vizuri. Ningekuandikia tangu Februari. Lakini wewe hujui kudanganya. Mabwana zako wangekuuliza kuhusu mtunza mashine wa Wheal Derwa nawe ungewaambia. Wangemtoa siku hiyo hiyo, na sisi pamoja naye. Nilidhani nikikuita uje, utafika na utaona mwenyewe. Nilidhani muda upo.

Barua yako ya Urusi ilipofika nilimkalisha kitini, nikamshika mashavu yote mawili, nikatamka jina lako tu mbele ya macho yake. Pas-coe. Uso wake wote uling'aa. Akaniambia, "Ndiyo, najua, anakuja. Lini? Umeshaniambia mara mbili, siku tu ndiyo sikuishika."

Unaelewa? Miezi yote hii aliamini barua zinasema unakuja. Aliona jina la karakana yako nyuma ya karatasi, aliona nimeshika kwa uangalifu, akajazia mwenyewe yaliyobaki. Zile shaba alikuwa akizisugua kwa ajili yako. Ameniambia anataka umkute Bibi anang'aa, ili kabla hujamng'oa ukiri mwenyewe kwamba alitunzwa.

Sikuweza kumwambia. Nililia, naye akadhani ni furaha, akanipigapiga mgongoni.

Kama bado hujapanda meli, rudi. Nakuomba.

Loveday


St. Petersburg, 9 Septemba 1782

Dada yangu Loveday,

Natumai mpo hai wote. Barua yako ilifika Hull nimeshaondoka, ikakaa huko, ikapanda meli nyingine, na jana nimekabidhiwa ikiwa imelowa pembe moja. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Siwezi kurudi. Nimetia saini kukaa majira mawili ya baridi, hati yangu ya kusafiria imeshikwa na wenye kazi, na ardhi ya gati hili ni tope tupu, kila msingi tunaoujenga unazama. Mwezi ujao au unaofuata bahari itaganda na hakuna meli itakayoingia wala kutoka mpaka barafu iyeyuke.

Nakasirika na wewe, halafu nakumbuka kwamba uliniandikia njoo bila kuitwa, ingia mlangoni, simama mbele yake. Uliniandikia kwa maneno yasiyo na kificho kabisa. Mimi nilitaka niitwe kama mgeni rasmi. Ningekuja tu, hata kama angenifukuza, ningejua ndani ya dakika moja. Najuta, dada, na sina wa kumwambia huku, wanaongea lugha ninayoijua kwa vitu vya kula tu.

Lakini hebu niambie: bomba. Kwa nini hatukufikiria bomba? Chuma hakihitaji masikio. Baba aliongea na watu wa chini ya shimo maisha yake yote kwa kuweka kiganja kwenye bomba, hata kabla masikio yake hayajaziba. Ningekuandikia "gonga" badala ya "msomee," mambo yote haya yasingetokea.

Basi gonga sasa. Teremka mpaka jukwaa la kwanza la ngazi, gonga kwa niaba yangu, tatu za haraka na moja ya kuchelewa. Akijibu mbili, niandikie. Jibu litanifikia barafu ikiyeyuka, nitasubiri.

Pascoe


Wheal Derwa, 17 Novemba 1782

Pascoe mdogo wangu,

Nakusalimu ingawa najua barua hii itakaa mahali gizani mpaka barafu ikuruhusu. Temperance hajambo, anamfunga kuku wako kamba shingoni na kumburuta hadi kanisani. Zacky anakohoa lakini anakula.

Mashine yako ilianza kazi mwezi uliopita. Sproat ni mtu mwema. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe na bia kama desturi, na wachimbaji wakapanda wote kuja kuitazama. Baba alivaa koti la kanisani na kuvua viatu. Akaingia nyumba mpya, akasimama katikati. Pascoe, mmeifunga kwenye mawe mazito mno, na inakwenda kwa ulaini mno. Boriti inapanda na kushuka hapo juu, maji yanamwagika kwa nguvu nje, na chini ya nyayo hakuna kitu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri. Mwisho akasema kwa sauti kubwa, "Mbona imekufa?"

Watu walicheka sana. Wakadhani ni utani wake. Kisha akaenda kuweka kiganja kwenye ganda la silinda, akakitoa upesi, akasema, "Huyu ana homa." Wakacheka tena. Kapteni hakucheka. Alisogea nyuma ya Baba, akasema taratibu, "Mzee Nankivell." Akarudia. Baba hakugeuka. Nilimwona Kapteni alipoelewa, naye aliniona mimi.

Nilimfuata nje nikiwa tayari kupiga magoti kwa ajili ya nyumba. Akaniambia, "Loveday, baba yangu mwenyewe alikufa kiziwi. Nyumba ni yenu Zacky akiwa anafanya kazi hapa. Ungeniambia tu." Nilichokificha mwaka mzima kwa kukimbia na kutega sikio, alikimaliza akiwa amesimama na kikombe cha bia mkononi. Nilienda nyuma ya rundo la mawe nikajikalia. Ningesema mapema, ungekuwa hapa.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jana mashine ilisimamishwa wabadilishe kamba za kuzibia pistoni, kukawa kimya, bomba limetulia. Zacky akampeleka Baba mdomoni mwa shimo, mimi nikateremka hadi jukwaa la kwanza na nyundo yangu ya mawe. Nikagonga ulivyoniambia, tatu za haraka na moja ya kuchelewa.

Ya huko juu Zacky ndiye aliyenisimulia. Anasema Baba aliweka viganja vyote viwili kwenye bomba kabla hajaambiwa kitu. Uso ukamchangamka. Akaniacha nigonge mara ya pili. Kisha akasema, "Huyo si Pascoe. Huyo ni Loveday, anagonga kama anapasua mawe. Pascoe yuko wapi?"

Unamjua Zacky, uongo haujui hata kwa vidole. Akanyoosha mkono kaskazini, mbali, kupita vilima, akaufanya uende kama mawimbi. Baba akautazama mkono huo muda mrefu. Akasema, "Basi hakuwa anakuja." Zacky alinionyesha baadaye jinsi Baba alivyokaa, ameegemeza paji la uso kwenye bomba.

Mimi huko chini sikujua lolote. Nilisimama ngazini maji yakinidondokea shingoni, nikisubiri, nikaanza kufikiri nitakuandikia kwamba hakujibu. Ndipo alipogonga. Mbili, za taratibu, nguvu zile zile za zamani. Sijui zilikuwa zako au zangu, Pascoe. Nakuandikia kama zilivyokuja.

Nilipanda mimi, maana ndiye niliyekuwa chini. Kichwa changu kilipotokeza, Baba alinipa mkono akanivuta. Kisha akainama, akatazama shimoni nyuma yangu, na hakuniachia mkono mpaka alipohakikisha kwamba hakuna mwingine anayepanda.

Dada yako,
Loveday